Uyoga wa Mawe Getini

Basi la saa tisa na robo lilikuwa limeshanipita. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, miguu inawaka, nikaona heri nikae juu ya jiwe.

Yako manne getini pale kazini. Kila moja ni mguu wa jiwe, mpana chini na mwembamba juu, umevikwa kofia ya duara kama uyoga. Wameyazungushia maua. Miaka minne nimeyapita nikidhani ni pambo tu, kama zile sanamu za simba ambazo wenye pesa wa kwetu huzipandisha juu ya nguzo za geti.

"Unajua umekalia nini?"

Alikuwa mzee mmoja wa pale, kwenye kiti chake cha magurudumu, anaota jua. Makao haya ya wazee hayako mbali na mji wa Reading, Uingereza, na humo kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza hata awe na miaka tisini. Mdomoni natii. Moyoni yeye ni Babu, na hapa nitamwita hivyo.

"Jiwe," nikamjibu.

"Umekalia mguu wa ghala."

Akanieleza. Kazi za shamba alizianza akiwa na miaka kumi na minne. Ghala la nafaka lilijengwa kwa mbao, likainuliwa juu ya mawe kama haya ili hewa ipite chini na panya wasifike juu. Panya huupanda mguu vizuri tu. Akifika chini ya kofia anakwama. "Hajui kutembea kichwa chini," alisema, na akageuza kiganja chake kunionyesha panya akianguka.

Nilicheka. Kihenge cha bibi yangu kule Urambo kilikuwa na kitu hichohicho. Nguzo zake zilivishwa bati la debe lililokunjwa kama sketi, mdomo ukitazama chini, na chini ya kila nguzo palikuwa na jiwe bapa la kuzuia mchwa. Nikamchorea hewani kwa mikono. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali la mtu aliyewahi kuifanya kazi yenyewe:

"Na wadudu je?"

Basi likaja. Nikaondoka bila kumjibu.

Kibao

Juu ya yale mawe kuna kibao, na kwenye kibao kuna neno Grange. Limetanguliwa na jina jingine ambalo silitaji. Ukikaa Uingereza utalikuta kila mahali: hoteli, shule, mitaa, nyumba za watu wenye uwezo, na makao ya wazee mengi ajabu. Usiku ule nikafungua kamusi. Miongoni mwa maana zake ipo moja iliyowekewa alama kwamba ni ya kizamani, haisemwi tena.

Ghala la nafaka.

Kesho yake nikaanza kuuliza watu. Msimamizi wa zamu alisema ni jina zuri tu, lina heshima. Mpishi alidhani ni jina la aliyejenga nyumba. Aliyenielewa ni mwenzangu mmoja, Mzimbabwe. Nilipomtajia maana yake aliweka kikombe chini akasema, "Aa, dura!" Ndivyo Washona wanavyoliita. Tukavuta karatasi za kufutia mikono, kila mtu akachora la kwao. Lake la miti na udongo, limegawanywa vyumba ndani. Langu la fito, limekandikwa udongo uliochanganywa na samadi, limevaa kofia ya nyasi inayofunuliwa.

Jikoni mle, watu wawili tuliotoka kusini mwa Ikweta ndio pekee tuliojua kibao cha Waingereza kinasema nini.

Nilifurahi kupita kiasi. Furaha ya namna ile ina kiburi ndani yake, nami nilichelewa kuishtukia.

Punje ilivyotoka

Kwa majuma kadhaa nililifuatilia lile neno kama mtu anayefuata mbuzi aliyekata kamba. Mzizi wake ni Kilatini, granum, yaani punje. Likapita Ufaransa, likavuka bahari. Ana ndugu yake, garner, wa ukoo uleule na mwenye maana ileile, naye amezeeka vilevile. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, Mathayo 3:12, ngano inakusanywa kwenye garner. Biblia yetu inasema "ghalani", na mtoto wa darasa la tatu anaelewa papo hapo. Mwingereza wa leo akilisikia garner anafikiria mwanasiasa anayekusanya kura.

Hata barn, neno ambalo bado wanalisema kila siku, zamani lilikuwa maneno mawili yaliyounganishwa: shayiri na nyumba. Nyumba ya shayiri. Nani anakumbuka shayiri humo?

Grange ilishika mizizi zaidi kwa watawa. Shirika la Cîteaux, lililoanzia Ufaransa mwaka 1098, liliwataka wamonaki waishi kwa jasho lao badala ya kula kodi za watu wengine. Walipofika Uingereza katika karne ya 12 wakafungua mashamba mbali na monasteri, kila shamba na maghala yake, wakaweka humo mabradha walei wa kulima na kufuga kondoo. Shamba kama hilo ndilo liliitwa grange. Lilitakiwa lisiwe mbali kupita mwendo wa siku moja, ili mabradha waweze kurudi monasterini siku za ibada kubwa.

Hapo neno likaanza kunenepa. Kutoka ghala likawa shamba zima lenye ghala. Ikaja tauni ya 1348 na 1349, watu wakafa, mabradha wakapungua, mashamba yakakodishwa. Kati ya 1536 na 1540 mfalme Henry VIII akazivunja monasteri zote, ardhi ikaishia mikononi mwa mabwana. Watawa wakaenda, nafaka ikaenda, jina likabaki mlangoni. Shakespeare alipotaka mahali pa upweke pa kumweka mwanamke aliyeachwa na mchumba wake, alimweka kwenye grange iliyozungukwa na maji. Wafanyabiashara wa karne ya 19 nao walijenga nyumba mpya kabisa, ambazo hazijawahi kuona hata kibaba cha ngano, wakaziita hivyohivyo.

Marekani neno lilirudishiwa punje yake kwa muda. Mwaka 1867 Oliver Hudson Kelley na wenzake walianzisha umoja wa wakulima ulioitwa Grange, wanawake wakiwa wanachama kamili tangu mwanzo. Wakulima wale walichoka kukamuliwa na kampuni za reli na wenye maghala makubwa, wakashinikiza majimbo yaweke ukomo wa tozo. Mwaka 1877 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mwenye ghala wa Chicago aitwaye Munn dhidi ya jimbo la Illinois, ikasema jimbo lina haki hiyo. Hapo nilipiga makofi peke yangu chumbani. Ghala, kumbe, ni mahali pa kugombaniwa. Anayelishika ndiye anayempangia mkulima bei.

Rasimu niliyoifuta

Sasa niseme jambo ambalo lilinifanya nikae na makala haya wiki sita.

Rasimu ya kwanza niliiandika kwa hasira tamu. Unaijua hasira hiyo ukikaa ughaibuni: ile ya kuwasema wenyeji wako. Niliandika kwamba Waingereza hawakukosea jina. Kwamba wamejenga ghala, wakawapanga humo wazee wao kama magunia, kila gunia na namba ya chumba. Niliona nimepata. Nikamtumia dada yangu Urambo kwa WhatsApp, maana yeye ndiye msomaji wangu wa kwanza na hana huruma.

Akanirudishia ujumbe wa sauti. Sekunde tisa.

"Mdogo wangu, umeandika vizuri. Na mama yetu wewe umemweka ghala gani?"

Mama anaishi na dada. Mimi natuma pesa. Kuna binti wa jirani anayemsaidia dada, humwogesha mama asubuhi na kumtoa nje kivulini, na analipwa kutokana na kile ninachotuma. Ukiipanga hesabu yake inasomeka hivi: ninamwogesha baba wa mtu mwingine ili mtu mwingine amwogeshe mama yangu.

Nikaifuta rasimu.

Nikajaribu kugeuza upande. Kwamba ghala si jalala. Kwamba bibi hakuweka kihengeni kitu asichokipenda. Aliweka chakula cha watoto na mbegu ya mwakani, kwa hiyo kumweka mtu ghalani ni kumthamini. Ilisomeka vizuri mno. Nikailala, nikaisoma tena asubuhi nikiwa kwenye basi, nikaona ni uongo uliopakwa asali. Babu si mbegu. Hakuna msimu wa mvua anaousubiri. Ni mtu aliyevunjika nyonga, ambaye mwanawe anakuja Jumapili moja na kukosa mbili, na anayechukia karoti.

Nikaiacha hiyo tashbihi kabisa. Kilichobaki mkononi ni swali lake, ambalo nilikuwa bado sijalijibu.

Harmondsworth

Kabla ya kulijibu nilitaka kuona ghala la kweli. Nilitamani Great Coxwell, ghala la mawe lililojengwa karibu na 1292 kwenye shamba la watawa wa Beaulieu, grange kwa jina na kwa asili. Lakini asiye na gari Jumapili ni mfungwa. Nikaenda Harmondsworth, ambako halikuwa ghala la watawa bali la shamba la chuo cha Winchester, na ambako basi linafika.

Harmondsworth ni kijiji kilichobanwa ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Heathrow. Watu wetu wengi wakilisikia jina hilo hawafikirii nafaka. Wanafikiria kituo cha kuzuilia wahamiaji, ambacho kipo hapohapo, upande wa pili wa nyumba za kijiji. Nilipita nikijua hivyo, na pasi yangu ilikuwa mfukoni ingawa hakuna aliyeniagiza niibebe.

Ghala lilijengwa mwaka 1426. Kwa nje ni mbao nyeusi na paa la vigae lililoshuka chini kama kofia iliyofunika masikio. Ndani nilisimama kimya. Urefu ni kama mita 58. Nguzo za mwaloni, nene kuliko mtu, zimepangwa safu mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, na juu mbao zinakumbatiana gizani. Mshairi John Betjeman aliliita kanisa kuu la Middlesex, jina la zamani la eneo lile. Serikali ilipokuja kulichukua chini ya shirika lake la mambo ya kale la wakati ule, English Heritage, kama ilivyotangazwa Januari 2012, lilinunuliwa kwa pauni 20,000. Katikati ya London pesa hiyo huenda isinunue hata maegesho ya gari.

Humo waliweka miganda ya ngano, shayiri na oti, bado haijapurwa. Kupura kulifanyika humohumo ndani wakati wa baridi, mlango ukiwa wazi upepo uchukue makapi. Nilivuta pumzi nikitafuta harufu. Hakuna. Sakafu imefagiliwa. Ndege ikapita juu na mbao zote zikanguruma kidogo, kisha mzee wa kujitolea akaniuliza kama ninapenda usanifu wa majengo.

Nilimpelekea Babu picha. Hakusema lolote kuhusu nguzo. Aliuliza sakafuni kulikuwa na nini.

"Hakuna kitu."

"Hata bua?"

Hata bua.

Ghala letu nalo

Njiani kurudi nilikuwa nimejitayarishia sentensi ya kuwacheka: wamehifadhi kuta, wamepoteza punje. Nikaanza kuifikiria kwa Kiswahili, na neno la kwanza lililonijia likanikaba.

Ghala.

Tulilichukua kwa Waarabu. Kwao ghalla si nyumba, ni mavuno yenyewe, kile kinachotoka shambani. Sisi tulichukua mavuno tukayafanya jengo, kisha jengo tukaliondolea mavuno. Leo ghala ni la dawa, la saruji, la mitumba pale bandarini. Mkazi wa Dar es Salaam mwenye umri wangu ukimtajia ghala anakumbuka Mbagala, Aprili 2009, mabomu yakiruka kutoka ghala la silaha. Wapi punje hapo?

Nikamgeukia kihenge, nikidhani huyo amebaki mwaminifu kijijini. Naye yuko safarini. Siku hizi ukisikia vihenge kwenye taarifa ya habari, ni vile vya chuma vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, vilivyosimama Babati na Sumbawanga, virefu, vinang'aa. Sivisemi vibaya, vinashika nafaka nyingi na panya haoni pa kuanzia. Lakini wanangu wakilisikia neno hilo wataona mnara wa bati na kiongozi akikata utepe. Hawataona kitu ambacho bibi yao mkubwa alikikandika kwa mikono na ambacho ufunguo wake ulikuwa ni yeye.

Na mimi niliyekuwa nawacheka wapishi na wasimamizi, nilijikuta siwezi kuwaeleza watoto wangu kihenge kwa maneno zaidi ya kumi. Nimejua urefu wa ghala la Harmondsworth kwa mita. Kihenge cha bibi sikujua kilijaa madebe mangapi.

Scania

Ninachokijua ni ndani yake, kwa sababu niliingia.

Mlango wa kihenge ulikuwa juu, chini ya kofia ya nyasi. Mahindi yakiwa mengi bibi aliyachota mwenyewe kutoka juu ya ngazi. Yakipungua mkono wake haukufika, basi alimtumbukiza mjukuu mwembamba kuliko wote. Nilikuwa mimi. Ndani ni giza lenye joto, vumbi linawasha shingo, magunzi yanakuchoma nyayo, na sauti za nje zinakuja kwa mbali kana kwamba umelala chini ya maji. Nilirusha mahindi juu kwenye ungo, yeye akihesabu kwa sauti. Nilikuwa na miaka saba hivi. Sijawahi tena kuhitajiwa namna ile.

Kisha mwaka mmoja nikatumbukizwa nikazama hadi magotini kwenye unga.

Mwanzoni nilidhani ni mzaha wa watu wakubwa. Mahindi yalikuwepo, magunzi yamesimama mahali pake, lakini ukilishika moja linabaki ganda na vumbi. Ukitulia unasikia, kitu kama watu wengi wanatafuna karanga kwa siri. Nilipiga kelele. Bibi akanivuta kwa mkono mmoja, akachungulia, akafunika, akakaa chini ya ngazi. Hakulia. Alikuwa anajifuta mikono kwenye kanga, anajifuta tena, anajifuta tena.

Ni dumuzi. Mdudu huyu wa Amerika ya Kati alijipenyeza kwetu, mkoa wa Tabora, miaka ya mwisho ya 1970 kuelekea 1980, na hakuwa na adui wa kumzuia. Watu walimbandika jina la Scania, kama yale malori, kwa jinsi alivyokuwa na nguvu ya kusomba. Ana urefu wa milimita tatu au nne. Hula mahindi yakiwa bado kwenye gunzi, hula muhogo mkavu, na asipotosheka hutoboa hata fito za kihenge. Sketi ya bati kwa panya, jiwe kwa mchwa: bibi alikuwa amemfikiria kila adui aliyemjua.

Mabwana shamba walipokuja walisema pukuchueni, changanyeni na dawa ya unga, wekeni kwenye magunia ndani ya nyumba. Walisema kweli, na mahindi yakapona. Kihenge hakikuvunjwa na mtu. Kilikosa kazi tu, kuku wakahamia, mvua za miaka miwili zikamaliza.

Hilo ndilo nililomjibu Babu, saa ya chakula cha jioni, wiki tano baada ya swali. Aliniuliza mdudu ana ukubwa gani. Mbele yake kulikuwa na bakuli la wali wa maziwa, wanaupenda sana hapa. Nikatenga punje moja ukingoni kwa ncha ya kijiko.

"Nusu ya hii."

Aliitazama ile punje muda mrefu. Kisha akaila.

Madebe mangapi

Jumapili iliyopita nilimpigia mama. Siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu shangazi, lakini siku hiyo alikuwa vizuri. Nikamuuliza kihenge cha bibi kilijaa madebe mangapi.

"Nani alikuwa anapima? Kikijaa kimejaa." Akacheka, halafu akanigeuzia: "Kwani huko mnalima?"

Nikamwambia hatulimi. Akauliza sasa kihenge cha nini. Dada akachukua simu.

Nilimwomba aende akaangalie kama pamebaki chochote pale kilipokuwa, nyuma ya jiko la zamani. Alilalamika jua ni kali, akaenda, nikasikia kandambili zake. Anasema nyasi tupu, na yale mawe bapa. Ameyaona matatu. Moja ndilo ambalo yule binti hufulia nguo za mama, mawili yapo tu.

La nne alilikumbuka baadaye, akanitumia ujumbe usiku. Liko chini ya tenki la maji. Tenki lilikuwa linayumba, wakalitafutia jiwe.